Msaada wa kusoma cheti cha jeshi cha babu

Mjukuu, Newala:
Shikamooni wakubwa. Katika sanduku la marehemu babu yetu, mzaliwa wa Kitangari, tumekuta cheti cha kuachishwa jeshi cha mwaka 1946 ambacho wino wake umefifia, na juu yake panasomeka "36 (TT) KAR", kisha "SEAC". Bibi alitueleza tu kwamba mumewe alipigana Burma. Naomba kufafanuliwa.

Mzee wa Lindi:
Marahaba, mjukuu wangu. KAR ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na TT ni Tanganyika Territory. Basi babu yako alikuwa Batalioni ya 36, iliyokuwa chini ya Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. SEAC ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki ya Washirika, yaani Uingereza na wenzake katika Vita vya Pili vya Dunia, iliyoundwa mwaka 1943. Divisheni hiyo, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha mnyama kifaru, ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, wakati wa masika makali ya huko mwaka 1944, ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Bibi yako alisema kweli.

Mwalimu, Masasi:
Umri ulioandikwa usiuamini haraka, kwa kuwa makarani mara nyingi walikadiria. Jina la baba, kabila na jumbe ndivyo vitakavyomtofautisha na askari wengine wenye jina kama lake. Kipige picha kwenye mwanga wa mchana, wala usikibandike plastiki, kisha ulizia namba yake ya jeshi Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam.

Mjukuu, Newala:
Ahsanteni sana. Jina la jumbe linasomeka vizuri. Nitaanza na hilo.