Siku tisa Black Rock Desert: maji, upepo na taka mnajipangaje?

mgeni_wa_jangwa

Habarini wakuu. Tunakwenda Burning Man, tamasha la kupiga kambi katika jangwa la Black Rock kule Nevada, Marekani, kwa mara ya kwanza: watu wanne, pikapu moja, kuanzia Jumapili ya ufunguzi hadi Jumatatu ya wiki inayofuata. Tuna hema lenye dari ya wavu, turubai la kivuli la mita 4 kwa 6, na maji tumehesabu lita 3 kwa mtu kwa siku. Tunajua hakuna maduka ya chakula wala mapipa ya taka. Tusichojua ni maji ya kuogea yanakwenda wapi, na vigingi gani vinashika ardhi ile. Tunataka kupaacha kama tulivyopakuta. Tusaidieni kabla hatujanunua vitu visivyofaa.

Dumu_la_Ishirini

Mkuu, anza na maji, maana hesabu yako ni nusu tu ya inayotakiwa. Waandaaji wanaelekeza galoni moja na nusu kwa mtu kwa siku, karibu lita 5.7, kunywa, kupika na kunawa humo humo. Ninyi wekeni 6. Watu wanne kwa siku tisa ni lita 216, yaani madumu kumi na moja ya lita 20. Hizo ni kilo 216. Jumlisha watu wenyewe, tuseme kilo 300, na pikapu imeshabeba zaidi ya nusu tani kabla ya hema na chakula. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja mzigo unaoruhusiwa. Ukizidi, punguzeni vitu vingine, si maji.

Msinunue tangi moja kubwa. Likipasuka mmekwisha, ila dumu likivuja mmepoteza lita 20 tu. Tena dumu likishaisha maji safi, ndilo linalopokea maji machafu. Kule ni marufuku kumwaga ardhini maji ya sabuni au ya vyombo, hata kikombe kimoja, na vyooni haviingii ila vinavyotoka mwilini na karatasi nyembamba ya chooni. Kwa hiyo maji yote machafu mnarudi nayo. Zungusheni utepe mwekundu kwenye dumu lililogeuzwa kazi ili asije mtu akalinywea usiku.

Mtaona kambi nyingine zimetengeneza bwawa la plastiki nyeusi ili maji yakauke juani. Siku tulivu linafanya kazi. Upepo ukija, plastiki inachanika au vumbi linajaa na kuyageuza maji tope. Nafuu ni kuyapunguza tangu mwanzo. Futeni sahani kwa karatasi kabla ya kuziosha, chujeni mabaki yaende kwenye mfuko wa taka (yakiingia dumuni, baada ya siku chache harufu haivumiliki), na ogeni kwa kitambaa na chupa ya kunyunyizia. Lita moja inamtosha mtu. Maji ya barafu iliyoyeyuka kwenye kasha la chakula nayo yahesabiwe.

Msisahau chumvi. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona. Anayekunywa maji matupu kwa wingi anapunguza chumvi ya damu, kichwa kinamgonga na anasikia kichefuchefu, anadhani ni kiu, anazidi kunywa. Bebeni pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji). Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai sita bapa vya sukari na nusu kijiko hicho hicho kidogo cha chumvi.

nondo12mm

Vigingi vilivyokuja na hema viacheni nyumbani. Ardhi ile ni sakafu ya ziwa la kale, juu ngumu kama sementi na laini kidogo chini, na upepo unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Tumieni nondo ya milimita 12, urefu sentimita 60, iliyokunjwa kichwa kama bakora. Igongeni mpaka mkunjo uguse ardhi, kamba ikiwa imebanwa chini yake. Kamba ikifungwa juu ya nondo, upepo unaitumia nondo kama mtaimbo na inang'oka. Ncha yoyote iliyobaki juu ivikeni chupa ya plastiki, kwa sababu nondo gizani inapasua mguu.

Kuing'oa, ishikeni kwa koleo la kubana, izungusheni kwanza mpaka ardhi iiachie, ndipo mvute. Mkivuta moja kwa moja mtaumiza migongo bure.

Hilo turubai ni tanga la jahazi. Badilisheni kwa neti ya kivuli inayopitisha hewa, na kivuli kikae juu ya hema bila kuligusa. Dari ya wavu nayo ni tatizo, vumbi la kule ni laini kama unga na litawajaa hadi ndani ya mifuko ya kulalia. Tafuteni hema ambalo wavu wake una kitambaa cha kufunga kwa zipu. Usiku baridi inashuka sana, kwa hiyo halitawachemsha.

siki_mguuni

Vumbi lile lina magadi na linachuna ngozi. Vaeni soksi na viatu vya kufunika, na kila jioni futeni miguu kwa maji yenye siki kidogo, kisha mafuta. Barakoa ya N95 na miwani inayoziba pande zote, kila mtu yake. Onyo moja: wapo wanaotia dawa ya klorini kwenye dumu la maji machafu kuua harufu. Maji ya siki yasiingie humo kamwe! Siki na klorini hutoa gesi ya sumu.

mgeni_wa_jangwa

Asanteni sana, tumefuta orodha tunaandika upya. Je, mvua ikinyesha? Na taka tunazigawaje?

jicho_chini

Ikinyesha, gari halitoki. Udongo unaganda kwenye matairi mpaka yanaacha kuzunguka, na anayelazimisha anaacha mitaro ardhini. Mapema Septemba 2023 lango lilifungwa kwa sababu hiyo, watu wakaambiwa wabaki kambini na wabane matumizi ya maji na chakula. Ongezeni chakula cha siku tatu kisichohitaji kupikwa, na madumu mawili au matatu ya akiba.

Taka zinapunguzwa nyumbani. Toeni kila kitu kwenye maboksi na vifungashio, menyeni vinavyomenywa. Manyoya, pambo la kumetameta na zulia linalonyonyoka visipande gari. Moto usiwashwe juu ya ardhi yenyewe, unaiunguza na alama inabaki.

Siku ya mwisho tengeni saa mbili. Simameni mstari mmoja, mkono kwa mkono, mtembee polepole mkitazama chini, kisha mrudie mkikatiza upande mwingine. Vuteni na sumaku kuokota skrubu. Idara ya serikali inayosimamia ardhi ile hukagua: uchafu usizidi futi moja ya mraba kwa ekari.

Mifuko ya taka msiifunge juu ya paa la gari. Barabara ya 447 inapita kwenye ardhi ya Wapaiute, wenyeji wa asili wa Pyramid Lake, na mfuko ukichanika huko taka zinabaki kwa wenyeji. Iwekeni ndani ya bodi la pikapu, neti juu yake, na mlipie jalala halali huko mbele.