Nati zilizogoma: tupeane uzoefu, ulitumia nini na yalikukuta yapi?

Oili_Kigamboni: Wakuu, za jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia vifundo vitatu vimechunika. Jumapili nilitaka kumwaga oili ya IST yangu mwenyewe, hela ya fundi ibaki nyumbani. Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni ya milimita 14, spana ya 14 ninayo, nikajua dakika kumi nimemaliza. Kumbe aliyeifunga mara ya mwisho aliifunga kwa hasira. Nikasukuma weee, spana ikateleza, ngumi ikaenda kutua kwenye chuma cha chini ya injini. Nati nayo imelika kona, inaelekea kuwa duara. Leteni visa vyenu nijue pa kuanzia.

Mama_Spana: Pole kaka. Spana ipi, ya mdomo au ya ringi?

Oili_Kigamboni: Ya mdomo, dada.

Mama_Spana: Basi ndo hapo. Mdomo unashika pande mbili tu za nati, na ukiulazimisha unapanuka. Ule ni wa kumalizia, nati ikishalegea. Chuoni mwalimu akikukuta unaanza nao kwenye nati ngumu, anautia mfukoni mwake hadi saa ya kutoka. Anza na boksi, ile inayovishwa juu ya nati nzima, tena ya pembe sita; ya pembe kumi na mbili inagusa karibu na kona, na kona ndizo zinazolika. Halafu vuta kuja kwako, usisukume. Kama nafasi hairuhusu, sukuma kwa kiganja kilichofunguka, ikiteleza vifundo vinabaki salama. Na usiniambie ulikuwa chini ya gari kwa jeki tupu.

Oili_Kigamboni: ...nilikuwa na jeki na tofali.

Mama_Spana: Mungu wangu. Tofali linapasuka bila kukuaga! Nunua stendi mbili za kushikilia gari kabla ya kitu kingine chochote.

Boda_Mwenge: Mimi nilipachika bomba la kurefusha mkono kwenye racheti, ule mkono wa boksi wenye meno ndani. Meno ya ndani yakasagika yote. Bomba ni la mkono mrefu usio na racheti. Sina la zaidi.

Tingo_Mstaafu: Langu si la injini, lakini linaingia humuhumu. Usiku, njia ya Tunduma, pancha tairi ya nyuma kushoto, Fuso ya zamani. Tukatia bomba kwenye wili spana, wawili tukaning'inia kama popo. Nati haisogei. Tukaongeza mtu wa tatu, tukasikia *tah!* Tukashangilia. Kumbe ni stadi, bolti inayoshika tairi, imekatika. Akapita dereva mzee, akamulika tochi kwenye nati, akacheka: kuna herufi L. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Nusu saa tulikuwa tunakaza.

Trekta_Mbozi: Tingo umenichekesha, ila mie nilifanya la kijinga zaidi. Trekta ya marehemu baba, Massey Ferguson 135, bolti zake ni za inchi, spana zangu zote za milimita. Bolti yenye kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, nikaivalisha 13. Inaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yake. Kaupenyo kadogo hako kalitosha kuila kona mara moja. Ya robo tatu ndiyo inakubali 19 bila shida, maana ni 19.05. Sasa nina seti ya inchi, imefungwa kwa kitambaa chekundu, watoto hawaruhusiwi kuigusa.

Mashua_Lamu: Huku kwetu adui ni chumvi. Mashine ya boti mwili wake ni aluminiamu, bolti ni chuma kisichoshika kutu, na maji ya bahari yakiingia kati yao vyashikana kana kwamba vimechomelewa. Ukilazimisha, kichwa chakatika, waanza kutoboa. Mimi napulizia dawa ya kutu leo, kesho tena, nagonga kichwa cha bolti polepole kwa nyundo ndogo, kisha nakaza *kidogo* kabla ya kufungua. Ikikataa kabisa ndipo moto, na moto nauelekeza kwenye aluminiamu inayoizunguka bolti, kwani aluminiamu yatanuka zaidi ya chuma. Lakini tangi la petroli liwe mbali, na dawa uifute ikauke. Jirani yangu alipulizia na kuwasha gesi papo hapo. Nyusi zake zilichukua muda kuota, na mkewe mpaka leo amwita "bwana yai". Nikirudisha bolti naipaka grisi ya baharini kwenye nyuzi, msimu ujao nisitukane.

Oili_Kigamboni: Mrejesho wakuu. Stendi nimenunua. Kwa nati yangu iliyolika, fundi wa mtaani alinipa boksi ya 13 ya pembe kumi na mbili, chakavu, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikajilazimisha juu ya nati. Dada Mama_Spana najua ulisema pembe sita, ila kona zenyewe hazikuwepo tena. Mkono mrefu, nikavuta kuja kwangu pole pole, ikalia *kriii*, ikaachia. Nimefunga nati mpya na washa mpya. Tatizo lililobaki ni moja: nati ya zamani imeng'ang'ania ndani ya boksi ya watu, na mwenyewe anaitaka kesho asubuhi.

Mama_Spana: Ibane boksi kwenye vaisi, pitisha bolti ndefu kwa upande wa mraba, gonga. Na vaa miwani!