Filamu za shule za John Hughes: zimezeeka tu, au zimeoza?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nina kesi, naileta barazani.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa kwetu Tabata, tunawawekea vijana wa sekondari filamu kwenye ukumbi wa jirani. Projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, karanga. Mwezi uliopita niliweka Sixteen Candles ya mwaka 1984. Niliichagua mwenyewe, tena kwa mbwembwe: leo mtaona kilichotukosesha usingizi sisi wazee wenu. Filamu ikiwa imebaki kama nusu saa, binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Huyu dada kalewa hajitambui, mbona anakabidhiwa mtu asiyemjua?"

Nikakohoa. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kwa wasiomjua, John Hughes ni Mmarekani aliyezaliwa 1950 na kufariki 2009. Kati ya 1984 na 1987 zilitoka filamu sita za vijana alizoziandika, nne kati ya hizo akaziongoza mwenyewe. Visa vyake vingi viko Shermer, mji wa kubuni kandokando ya Chicago. Hapa Dar wengi mnamjua bila kujijua, maana ndiye aliyeandika Home Alone. Hizi za shule hazikufika sana kwenye vibanda vya video. Hakuna ngumi wala helikopta, watoto wanakaa wanaongea. Mtafsiri wa kibandani angeifanyia nini filamu hiyo? Mimi nilizipata kwa mjomba wangu baharia, aliyeleta mikanda ya Marekani isiyoelewana na deki zetu. The Breakfast Club niliiona mara ya kwanza bila rangi, picha inapanda na kushuka kama basi la Mbagala. Niliipenda hivyohivyo.

Sasa hoja. Ninayo moja tu, na sitaki tuzunguke.

Watu husema filamu hizi zimeharibika kwa sababu "zama zilikuwa zile". Sikubali. Nimezirudia zote wiki mbili hizi, na ninachokiona ni kwamba zinaoza mahali maalumu, kama embe lenye doa: pale ambapo Hughes anamcheka mtu ambaye yeye mwenyewe amemnyima kauli. Yule dada mlevi, Caroline, amelala huku wavulana wawili wakijadiliana afanywe nini. Yule mwanafunzi wa Kiasia, Long Duk Dong, kila akitokea inagongwa kengele kubwa ya shaba ili tujue ni wakati wa kucheka, na maneno aliyopewa ni ya kipumbavu. Lakini pale ambapo Hughes anakaa chini na kumsikiliza kijana akiongea, filamu iko hai leo kama samaki wa Feri saa kumi na mbili asubuhi.

Ushahidi ninao. Mwaka 2018 Molly Ringwald, aliyekuwa nyota wa filamu tatu kati ya hizo, aliandika makala ndefu katika jarida la The New Yorker baada ya kuiangalia The Breakfast Club pamoja na binti yake. Anasimulia kwamba skripti iliwahi kuwa na kipande cha mwalimu wa kike wa michezo akiogelea uchi kwenye bwawa la shule, huku makamu mkuu wa shule akimchungulia. Ringwald akamwendea Hughes kumtaka akiondoe. Wakati huo yeye ana miaka 16, mwongozaji ana 34. Kikaondolewa! Lakini kile cha Bender, yule mwanafunzi mtukutu, kujificha chini ya meza na kumchungulia Claire, binti anayeigizwa na Ringwald, kilibaki, na kwa kuwa Ringwald alikuwa mtoto kisheria, picha ile ilichukuliwa kwa mtu mwingine. Anaandika kuwa hata hivyo aliona aibu, na mama yake alikerwa. Filamu moja, mwongozaji mmoja. Hapa kamsikiliza binti, kule hakumsikiliza, na miaka arobaini baadaye unaweza kuweka kidole mahali penyewe palipooza.

Kwa hiyo swali: tuendelee kuwaonyesha vijana wetu, au tuziache zizeekee kabatini? Karibuni. Matusi tafadhali pelekeni kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Mzee wa Mikanda

Mleta mada umezeeka vibaya kuliko hizo filamu. Enzi zetu tulicheka, tukaenda kulala, hakuna aliyeharibika. Ukianza kupekua hivi hakuna kitakachopona: taarab ya zamani, ngonjera, hadithi za Abunuwasi. Abunuwasi mwenyewe tapeli.

Na mbona unaruka mazuri? Ferris Bueller's Day Off ya 1986. Kijana anajifanya mgonjwa, anazunguka Chicago kutwa na rafiki zake, makumbusho ya sanaa, uwanja wa besiboli, gwaride la mtaani. Hakuna anayedhurika zaidi ya gari la baba yake Cameron, mmoja wa hao rafiki. Nani hakuwahi kutoroka shule kwenda Coco Beach? Mwaka 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. The Breakfast Club ikafuata 2016. Wale si wajinga.

Binti Kigogo

Shikamoo Mzee wa Mikanda. Kuhifadhi si kusifia. Hata picha za Wajerumani na minyororo zimehifadhiwa.

Na hilo la "hakuna aliyeharibika", umewauliza wasichana waliokaa nyuma kwenye hicho chumba cha deki? Mimi nilikuwa mmoja wao, nyumba nyingine, mtaa mwingine. Kaka zangu walimcheka Caroline. Kesho yake mtaani kila msichana aliyekunywa bia moja harusini akawa anaitwa Caroline. Mnakumbuka kengele tu, sisi tunakumbuka jina.

Kinachoniuma zaidi ni Allison wa Breakfast Club. Msichana wa ajabuajabu, anachora, anasema uongo kwa raha zake, ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani. Mwishoni anaoshwa uso, anavalishwa utepe kichwani, ndipo yule mwanariadha anamuona. Miaka yote hiyo nadhani hilo limenidhuru kuliko Bender na meza yake, maana Bender nilijua ni mshenzi. Utepe niliununua. Kariakoo, mweupe.

Mleta mada

Dada, hapo umenipiga. Allison sikumuweka kwenye hesabu yangu kabisa, na anaivuruga nadharia: kauli anayo, anasikilizwa, halafu filamu inamgeuka mwishoni. Niache nilifikirie.

Ticha wa Temeke

Mimi nafundisha sekondari, nitasema la kwangu.

Kwanza kicheko. Jamaa watano wa The Breakfast Club wanapewa adhabu ya kukaa maktaba Jumamosi nzima waandike insha kuhusu wao ni nani. Kwetu kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visizidi vinne, na vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kwa hiyo hakuna filamu: dakika tano, kila mtu na maumivu yake, nyumbani. Nilipowaambia wanangu wa kidato cha nne, mmoja akasema, "Ticha, heri viboko, kuliko insha."

Pili, si kicheko. Brian, yule kipanga wa darasa, anaeleza mbele ya wenzake kwamba alifeli somo la ufundi, akaleta kitu cha hatari kwenye kabati lake la shule akifikiria kujimaliza. Ikabainika ni bastola ya kurushia fataki za ishara, ikalipukia kabatini, na wote wanaangua kicheko, yeye mwenyewe pia. Nawaambieni, mwezi wa matokeo ya mitihani ya taifa, ya NECTA, nina kina Brian wawili watatu kila mwaka. Majina hayako hadharani ila namba ziko mtandaoni, na mtaa mzima unaijua namba ya mtoto wa fulani. Kile kicheko chao pale sakafuni si cha dharau. Wamechoka kuogopa. Sijaona filamu ya hapa kwetu iliyomgusa mtoto wa namna hiyo kwa upole ule. Hughes wa 1985 ananisaidia kazi 2020 na kitu, mniache nimtumie.

Wakili wa Mtaani

Nitaongeza la sheria halafu nitoke. Sheria ya makosa ya kujamiiana tuliitunga 1998, miaka 14 baada ya Sixteen Candles. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 130, ridhaa iliyopatikana mwanamke akiwa amelewa kwa kinywaji alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine, haihesabiki kuwa ridhaa, isipokuwa ikithibitika alikuwa amekwisha kuridhia kabla. Kwa hiyo binti wa kidato cha tatu hakuuliza swali la kisasa. Aliuliza swali lililokuwa sheria kabla hajazaliwa.

Na jambo la kuchekesha: Marekani Sixteen Candles ilipewa daraja la PG, yaani watoto ruksa, mzazi aangalie tu. The Breakfast Club, ambayo karibu yote ni maongezi, ikapewa R kwa sababu ya matusi. Aliyekabidhiwa mlevi, sawa. Aliyetukana, mwite mzazi wake.

Mtoto wa Ilala

Mbona hakuna anayesema kwamba hatumo? Weusi, namaanisha. Chicago ilimchagua meya wake wa kwanza mweusi, Harold Washington, mwaka 1983. Mwaka unaofuata mwongozaji anapiga filamu za vijana pembeni ya mji huohuo, na darasani huoni hata mmoja wa maana. Tukitokea, kama katika filamu yake nyingine, Weird Science, ni kwenye baa, ili mtoto wa kizungu alewe na kuiga lafudhi yetu. Mleta mada, huko hakuna hata wa kunyimwa kauli. Nadharia yako ya embe inamhusu vipi asiyekuwepo?

Mzee wa Mikanda

Kijana, aliandika alichokijua. Alikulia vitongoji vile. Ulitaka aandike Ilala?

Mtoto wa Ilala

Hapana mzee. Nilitaka asiandike baa.

Binti Kigogo

😂 Mzee, kaa chini.

Mleta mada

Wakuu nimesoma yote, nimerudi.

Mtoto wa Ilala, sina jibu la kukuridhisha. Asiyekuwepo hawezi kuozesha kipande fulani, anapunguza embe zima. Nililiona hilo nikiwa mdogo? Hapana. Niliona nyumba za ghorofa na simu chumbani, nikadhani ndiyo Marekani yote. Tabaka nililiona, hilo nilikuwa na macho nalo. Pretty in Pink ya 1986, ambayo Hughes aliiandika na Howard Deutch akaiongoza: binti anaishi upande mbaya wa reli, baba hana kazi, nguo anajishonea, na anamkatalia mvulana wa kitajiri asimrudishe hadi mlangoni ili asione nyumba. Mtoto wa Buguruni aliyewahi kushushwa njia panda na gari la Masaki anajua vizuri kile kipande. Na hata pale, mwisho wa kwanza ulimpa Duckie, rafiki yake maskini. Watazamaji wa majaribio wakakataa, ukapigwa mwingine akaenda na tajiri. Mwaka uliofuata Hughes akaandika Some Kind of Wonderful, safari hii fukara kwa fukara. Ni kama mtu aliyeshindwa kesi akaenda kukata rufaa.

Kuhusu Allison, nimemfikiria siku mbili. Binti Kigogo, naona kosa langu: nilidhani kumpa mtu kauli kunatosha. Hughes alimpa Allison kauli saa nzima na nusu, halafu akaogopa kumwacha kama alivyo. Hilo si doa la kicheko, ni la woga, nami nililikosa kwa sababu halikuwahi kunigusa. Mimi sikununua utepe.

Sasa la utekelezaji. Jumamosi ijayo naweka The Breakfast Club, kwa kidato cha tatu na cha nne tu, wazazi wameulizwa. Sixteen Candles siirudii. Si kwamba naificha, ila sioni sababu ya watoto kukaa nusu saa wakisubiri nikohoe tena. Kile cha chini ya meza sikikati. Nitasimamisha projekta palepale, na Ticha kama utakubali kuja, uongoze maongezi wewe, kwangu watanyamaza kwa adabu. Yule binti na mama yake wamesema watakuja. Mama kaniambia ataketi mstari wa mbele, sijui kama ni ahadi au tishio.

Ticha wa Temeke

Nakuja. Ila usisimamishe kwenye meza tu. Simamisha na kwenye utepe.

Mzee wa Mikanda

Mimi pia nakuja, na sitaki kusimamishiwa chochote, nimelipa karanga zangu. Filamu saa ngapi?

Mleta mada

Saa tisa alasiri. Mwenye waya wa kuunganisha projekta na kompyuta aje nao, wetu umeliwa na panya.