Mrejesho: Mama aliyevunjika mkono kwa kuteleza tu

Mtakumbuka niliuliza kwa nini mama yangu wa Tukuyu, mwenye miaka 63, alivunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza kwenye kizingiti cha jiko, nanyi mkanisihi apimwe mifupa. Amepimwa: alama ya uimara wa mfupa (T-score, inayolinganishwa na mifupa ya kijana mwenye afya) kwenye nyonga imesoma hasi 2.8, na kuanzia hasi 2.5 kushuka chini huhesabiwa kuwa osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika na kuvunjika kirahisi.

Nilidhani daktari angeanza na maziwa. Badala yake aliuliza hedhi ilikoma lini (akiwa na miaka 42, mapema mno), kama bibi, yaani mama yake, aliwahi kuvunjika nyonga (ndiyo), na ni dawa zipi ametumia kwa muda mrefu. Hapo ndipo vilipotajwa vidonge vya prednisoloni alivyomeza kwa miaka mingi kwa ajili ya pumu, ambavyo hudhoofisha mifupa polepole, jambo ambalo aliyemwandikia hakututajia hata mara moja. Sasa anapunguziwa kidogo kidogo, kwani kuviacha ghafla ni hatari, na kwa pumu amepewa dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Kila Jumapili alfajiri humeza alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, miligramu 70 kwa glasi nzima ya maji, kisha hukaa wima nusu saa bila kula, ili kidonge kisiunguze umio. Juma la kwanza nilimkuta ameshika kikombe cha chai ya maziwa, ambayo ingezuia dawa isifyonzwe. Alinikabidhi huku akinuna. Usipa wa Kyela, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa anaowatafuna na miiba yao ili apate kalsiamu, huliwa mchana, mbali na kidonge.