Kipi kinatisha zaidi: zimwi la vilindini au mzee mkarimu?

Mtoa mada: Wakuu, nimerudia hadithi za H.P. Lovecraft, yule Mmarekani wa Cthulhu, zimwi lenye kichwa kama pweza. Halijawahi kuninyima usingizi. (Pweza? Huku pwani tunamnywa supu.) Kilichoninyima usingizi ni kijihadithi chake cha 1920, "The Picture in the House", kisicho na zimwi lolote. Mwaka 1896 kijana yuko juu ya baiskeli huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mvua inamkuta, anajibanza kwenye nyumba chakavu. Ndani anakuta kitabu cha Kilatini cha Mwitaliano Pigafetta kuhusu Kongo, chapa ya Frankfurt ya 1598. Akikishika, kinafunguka chenyewe palepale penye picha ya bucha la nyama ya watu. Mwenye nyumba anashuka ngazi: mzee wa ndevu nyeupe, mchangamfu, mkarimu. Kilatini hajui, anatazama picha tu. Anasema akishaitazama ile, kuchinja kondoo kunanoga zaidi. Kisha anawaza kwa sauti: kama nyama humjenga mtu, je, ikiwa ni ya mwenzake? Tone jekundu linadondokea ukurasa. Limetoka darini.

Mimi pale kwenye kondoo niliweka kitabu chini. Nasema mtu anatisha kuliko zimwi, maana zimwi halikukaribishi ndani. Nawasilisha.

Wa Bukavu: Nakupinga, mkuu. Zimwi limo, na ni sisi Wakongo. Pigafetta Kongo hakufika; aliandika aliyosimuliwa na Mreno Duarte Lopes. Lovecraft naye, ambaye dharau yake kwa watu weusi hakuificha, akaokota uzushi ule akaufanya ugonjwa wa kumwambukiza mzee wa kizungu. Wewe umeogopa, jina lililochafuka ni letu.

Msomaji wa usiku: Lakini soma taratibu. Msimulizi mwenyewe anashangaa mchoraji kuwapa Waafrika ngozi nyeupe na sura za kizungu. Na bucha lenyewe halipo Kongo, lipo ghorofani kwa mzee.

Wa Bukavu: Sawa, hilo nakupa. Ila tazameni mwaka: 1896. Kongo wakati huo ni mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, askari wake wanakata watu mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mikono inaletwa kwa vikapu, kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Lovecraft anaandika miaka 12 baada ya Leopold kunyang'anywa nchi kwa sababu ya kelele zilizopigwa juu ya ukatili huo, na hakuna hata neno. Mkitaka kutishwa na mtu wa kawaida, mfikirieni aliyepokea kikapu, akahesabu, kisha akaenda kula chakula cha mchana.

Mtoa mada: Hilo la mwaka limenipita, na hadithi nimeisoma mara tatu. Kuhusu Kongo nimekubali. Kuhusu zimwi bado sijahama, tena umenisaidia: bibi alitutisha kwa majini na kwa mumiani, na tuliyemkimbia kweli ni mumiani, kwa sababu tuliambiwa ni mtu kama sisi, anatembea mchana. Ila mzee wa Lovecraft anauawa na radi mwishoni, nyumba nzima. Hapo naona mwandishi alikosa ujasiri. Angemwacha hai, amsindikize kijana mlangoni mvua ikikatika.

Msomaji wa usiku: Na ampe kofia yake.