Acheni kuwasimanga wanawake wa tenisi kwa seti tatu: walicheza tano, wanaume ndio waliozikata

Wakuu,

Nimechoka. Kila Wimbledon ikifika, na kila US Open ikianza, humu ndani maneno ni yale yale: "Wanacheza seti tatu halafu wanataka hela sawa na wanaocheza tano." Mmoja anaandika, kundi zima linagonga laiki, mjadala unaishia hapo kama vile hukumu imeshasomwa. Hata Angella Okutoyi alipobeba taji la wasichana wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022, Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam (yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi, Wimbledon na US Open zikiwemo), kuna watu walileta hoja hiyo kwenye uzi wa kumpongeza. Binti wa miaka 18, tena kwenye mashindano ya vijana ambayo hayana zawadi ya fedha. Anadaiwa seti tano za nini?

Leo nasema yaliyonijaa, na nasema kwa miaka na alama za mechi ili asije mtu kuniambia ninatetea kwa hisia.

Kwa mgeni wa tenisi: mechi hugawanywa kwa seti, na seti huhesabiwa kwa gemu. Mechi ya seti tano anashinda wa kwanza kufikisha seti tatu, ya seti tatu anashinda wa kwanza kufikisha mbili. Sasa, seti tatu hazikuombwa na wanawake. Kule Marekani wanawake walicheza tano, na walizicheza miaka 11 mfululizo, kuanzia 1891 hadi 1901, wakiwa ndani ya sketi zinazofagia majani. Kisha viongozi wa chama cha tenisi wakaziondoa bila kuwauliza wachezaji wenyewe. Mnachowadai leo ndicho walichonyang'anywa.

Twende Philadelphia. Mashindano ya taifa ya wanawake wa Marekani yalianza 1887 kwenye viwanja vya Philadelphia Cricket Club, na bingwa wa kwanza ni Ellen Hansell. Kuanzia 1891 mechi za kilele zikawekwa seti tano, sawa na za wanaume. Mwaka huo Mabel Cahill, dada kutoka Ireland aliyekuwa amehamia Marekani, akamvua taji Ellen Roosevelt kwa seti nne. Mwaka uliofuata Cahill akalitetea mbele ya Elisabeth Moore, binti wa miaka 16 tu, na mechi ikafika seti zote tano: 5-7, 6-3, 6-4, 4-6, 6-2. Miaka 16, seti tano, mbele ya bingwa wa nchi! Mwaka 1894 Helen Hellwig na Aline Terry wakaenda tano. Mwaka 1898 Juliette Atkinson na Marion Jones (si yule mkimbiaji wa mbio fupi, huyu ni binti wa seneta wa Nevada) wakaenda tano, gemu 51, na seti ya mwisho ikaisha 7-5. Hao ndio mnaosema hawana pumzi.

Sasa sikilizeni ya 1901, maana hii ndiyo inayonikera kuliko zote.

Enzi hizo bingwa mtetezi hakuanza mashindano pamoja na wenzake. Alikaa akisubiri. Wengine wote walichujana mpaka akabaki mmoja, na huyo ndiye aliyepata haki ya kumvaa bingwa. Mwaka 1901 yule binti Elisabeth Moore, sasa ana miaka 25, alikutana na Marion Jones kwenye fainali ya hao waliokuwa wakichujana. Akapoteza seti ya kwanza 4-6. Akapoteza ya pili 1-6. Mtu mwingine angeshapeana mkono na mpinzani akaenda zake kuoga. Moore akageuza: 9-7, 9-7, 6-3. Gemu 58. Kesho yake, na nisomeni vizuri, kesho yake tu, akaingia tena kiwanjani kumkabili bingwa Myrtle McAteer aliyekuwa amekaa anamsubiri miguu ikiwa mipya. Seti tano nyingine: 6-4, 3-6, 7-5, 2-6, 6-2. Gemu 47. Jumla gemu 105 kwa siku mbili, na taji akalibeba yeye.

Nani kati yenu amewahi kusikia jina hilo? Mtangazaji gani amewahi kulitaja?

Jibu alilopewa kwa kazi hiyo lilikuja 1902. Chama cha tenisi cha Marekani kikapunguza mechi za wanawake ziwe seti tatu. Wazee wa chama waliona haya mambo ni mazito mno kwa mwili wa mwanamke. Moore mwenyewe, aliyekuwa ametoka kuonyesha kwamba si mazito, alipinga hadharani, akasema mabadiliko ya namna hiyo hayakupaswa kufanyika kabla wachezaji wanawake hawajaulizwa wanataka nini. Hawakumsikiliza. Akaendelea kucheza hizo tatu walizompangia na akashinda taji la taifa tena 1903 na 1905. Mtu anapambana gemu 105, anashinda, na ushindi wake unatumika kumpunguzia kiwanja. Huo ni uonevu, na sioni jina jingine la kuuita.

Na kabla hamjaniletea habari za "mwili wa mwanamke", jueni hao wanawake walikuwa wanacheza ndani ya nini. Sketi hadi kwenye kifundo cha mguu, kofia, kola ya shingoni, na chini ya vyote hivyo koseti, lile vazi la kubana kiuno lenye vipande vya chuma au mifupa ya nyangumi, likikazwa kwa kamba mpaka pumzi inakuwa ya kuhesabu. Elizabeth Ryan, Mmarekani aliyeshinda mataji 19 ya wawili wawili, ya wanawake na ya mchanganyiko (mwanamke na mwanamume), pale Wimbledon, alikuja kusimulia kwamba chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na koseti zimeanikwa zikauke, na nyingi zilikuwa na damu. Damu, wakuu. Mwaka 1887 Lottie Dod alitwaa Wimbledon akiwa na miaka 15, na moja ya nafuu zake ilikuwa hiyo: kwa sababu alihesabiwa bado ni mtoto wa shule, aliruhusiwa sketi fupi kidogo, akaweza kukimbia. Alipigwa na nani? Kwenye mashindano matano ya Wimbledon aliyoingia hakupigwa na mtu. Alichukua 1887, 1888, 1891, 1892 na 1893, akaacha akiwa na miaka 21 baada ya kumaliza kila mpinzani, akaenda kuwa bingwa wa gofu wa wanawake wa Uingereza 1904, akachezea England magongo, na 1908 akapata medali ya fedha ya kulenga shabaha kwa upinde kwenye Olimpiki ya London. Ukimpunguzia mwanamke kitambaa kidogo tu miguuni, hayo ndiyo yanayotokea.

Jambo jingine linalonichosha ni ile simulizi kwamba wanawake walikaribishwa Wimbledon kwa ukarimu. Ukarimu upi? Wimbledon ilianza 1877, wanaume peke yao. Waliotangulia kuwapa wanawake mashindano ya taifa ni Waairishi, klabu ya Fitzwilliam mjini Dublin, mwaka 1879, na bingwa akawa May Langrishe mwenye miaka 14. Wimbledon ikaendelea kufunga mlango hadi 1884. Hata walipofungua, wanawake waliingizwa baada ya wanaume kumaliza michuano yao ya mchezaji mmoja mmoja, na tangu siku ya kwanza wakapangiwa seti tatu. Wakajitokeza 13. Fainali ikawakutanisha ndugu wawili, mabinti wa kasisi wa Berkswell, kijiji cha Uingereza: Maud Watson, miaka 19, akamshinda dada yake Lilian 6-8, 6-3, 6-3. Zawadi ya bingwa ilikuwa kikapu cha maua cha fedha chenye thamani ya gini 20, fedha ya Kiingereza ya enzi hizo. Wa pili akapewa kioo cha mkononi na brashi ya nywele. Wanawake wamekuja kushindana, wanarudishwa nyumbani na vitu vya kujirembea.

Kuna mjuaji mmoja aliwahi kuniambia hapa kwamba wanawake wenyewe hawakuwa na hamu, kwa sababu mwaka 1890 walioandikishwa Wimbledon ni wanne tu. Ni kweli walikuwa wanne. Aliyeshinda ni Lena Rice, binti wa shamba kutoka Tipperary, Ireland, na mpaka leo ndiye mwanamke pekee wa Ireland aliyewahi kushinda taji hilo la mmoja mmoja. Lakini tuulizane: mwanamke wa 1890 asafiri kutoka Tipperary hadi London, kwa gharama zake, kwa ajili ya mashindano yenye taji moja tu analoweza kugombea? Mashindano ya wanawake wawili wawili hayakuwa rasmi Wimbledon mpaka 1913. Wanaume walikuwa na yao tangu 1884. Unamwekea mtu sahani nusu halafu unasema hana njaa.

Na majina. Hili linaniuma kipekee. Nendeni mkaangalie orodha za zamani za mabingwa. Blanche Bingley alishinda Wimbledon 1886 kwa jina lake. Akaolewa na George Hillyard, na mataji yake matano yaliyofuata, 1889, 1894, 1897, 1899 na 1900, yakaandikwa kwa herufi za majina ya mumewe: Bibi G. W. Hillyard. Herufi G na W si zake! George hakushika raketi kwenye fainali hizo. Charlotte Cooper, bingwa mara tano wa Wimbledon, bingwa wa kwanza wa kike wa tenisi kwenye Olimpiki, Paris 1900, mtu ambaye alikuwa amepoteza usikivu tangu akiwa na miaka 26 na hakuusikia mpira ukigonga raketi, naye taji lake la 1908 likaingia kwa jina la mume, Sterry. Alikuwa na miaka 37, na hakuna mwanamke mwenye umri mkubwa zaidi aliyewahi kulichukua taji hilo. Huku kwetu pwani mwanamke akiolewa anabaki binti wa baba yake, jina lake liko pale pale, kwa hiyo labda ndiyo maana jambo hili linanigonga zaidi. Wimbledon ilikuja kuziondoa hizo "Bibi" na "Binti" kwenye mbao zake za mabingwa mwaka 2022. Miaka 138 baada ya Maud Watson.

Mabel Cahill je, yule niliyeanza naye? Bingwa wa Marekani mara mbili, mwanamke aliyefungua zama za seti tano. Tenisi ya siku hizo haikulipa mtu, ukicheza kwa fedha ulifukuzwa. Alijaribu kuishi kwa kuandika, akahamia Uingereza, na mwaka 1905 akafa kwa kifua kikuu kwenye nyumba ya mafukara huko Lancashire, akiwa na miaka 41. Alikuja kuingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Tenisi mwaka 1976. Miaka 71 kaburini. Ninyi mnaogonga laiki kwenye "wanataka hela sawa", hela ndiyo hiyo. Na msidhani ni mambo ya kale peke yake: Wimbledon ya 1968, ya kwanza kulipa fedha waziwazi, bingwa wa wanaume Rod Laver alipata pauni 2,000 na bingwa wa wanawake Billie Jean King pauni 750. US Open wakasawazisha 1973. Wimbledon wakangoja hadi 2007.

Sijawagusa bado akina Lucy Diggs Slowe, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda taji la taifa Marekani, mwaka 1917, kwenye mashindano ya weusi kwa sababu ya wazungu yalifungwa kwao. Wala Ora Washington, mataji manane ya mmoja mmoja huko huko, ambaye mpaka umri wake wa mchezo unapita hakuruhusiwa kukutana na mabingwa wazungu, na maisha yake aliyaendesha kwa kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Hao wanastahili uzi wao na nitauleta.

NYONGEZA: Mdau hapo chini kauliza, "Basi mbona leo hawachezi tano?" Waandaaji hawaziweki kwenye ratiba, mkuu. Zilipowekwa, walicheza. Fainali za mwisho wa msimu za wanawake pale New York zilikuwa za seti tano kuanzia 1984 hadi 1998. Mwaka 1990 Monica Seles na Gabriela Sabatini walikwenda zote tano, 6-4, 5-7, 3-6, 6-4, 6-2, mara ya kwanza kwa wanawake tangu ile ya Moore ya 1901. Mwaka 1996 Steffi Graf na Martina Hingis nao tano. Na ukitaka kujua seti tatu zinaweza kuwa na nini ndani, chukua fainali ya Wimbledon ya 1919: Suzanne Lenglen wa Ufaransa dhidi ya Dorothea Lambert Chambers, mama wa watoto wawili, miaka 40, bingwa mara saba. Ilikwisha 10-8, 4-6, 9-7, gemu 44, na Chambers alikuwa amebakiza pointi moja kushinda, mara mbili. Fainali ya seti tano ya wanaume inayoisha 6-4, 6-4, 6-4 ina gemu 30.

Mwenye hoja ya kupinga yaliyotokea 1902 aje nayo, lakini aje na mwaka, majina na alama. Ile ya "hawana pumzi" sitaijibu tena.