Tupeane uzoefu: umewahi kuchanganywa na makanisa ya kipentekoste yenye majina yanayofanana?

Bwana asifiwe wapendwa. Nyumbani tunaozesha. Mkwe mtarajiwa alisema anasali "Assemblies", basi mjomba akapeleka barua ya matangazo ya ndoa TAG (Tanzania Assemblies of God). Mchungaji akaisoma, akatabasamu, akamwonyesha ng'ambo ya barabara: EAGT (Evangelistic Assemblies of God Tanzania). Mjomba ni Mlutheri, kwake wote hao ni "wale wa makofi". Kwa wasiojua, EAGT ilianzishwa na Askofu Moses Kulola (alifariki 2013), ambaye awali alikuwa TAG. Ndiyo maana ukiingia ibadani huoni tofauti. Kilichoachana ni uongozi. Nyie yamewakuta yapi?

Mnyamwezi wa Mjini: Nimekulia FPCT (Free Pentecostal Church of Tanzania), Tabora. Bibi hajawahi kutamka hizo herufi nne. Kwake ni "Pentekoste" tu, na Nkinga ni "hospitali yetu". Nilipohamia Dar nikamwambia bodaboda anipeleke Pentekoste. "Ipi?" Nikabaki namtazama. Akanishusha kwenye hema lenye bango la nabii, picha kubwa kuliko mlango. Nikasali hapohapo, nauli ya kuzunguka sikuwa nayo. Sisi wa FPCT chimbuko letu ni wamisionari wa Sweden, na mambo ya manabii kwenye mabango hatukuyazoea.

Mluhya Mpole: Kenya ndiyo balaa. Makanisa ya kipentekoste ni herufi tupu: PAG, KAG, PEFA, FPFK, jihesabie. Mama ni PAG (Pentecostal Assemblies of God) ya Wakanada, ile iliyoanzia Nyang'ori, magharibi mwa Kenya. Kaka yangu alipoenda Nairobi akaanza kusali Valley Road, Nairobi Pentecostal, ambayo siku hizi ni CITAM. Mama akalia kwamba mtoto amepotea! Alitulia alipoambiwa kwamba hao nao walianzishwa na Wakanada walewale. Sasa anawaita "PAG ya wenye magari".

Mwana Kivu: Sisi Bukavu tuko na namba. Kila kanisa ndani ya ECC, ule umoja wa makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo, iko na yake: 5e CELPA ilitoka kwa Wanorwe, 8e CEPAC kwa Waswidi. Mtu anakuuliza "uko wa ngapi?", unajibu "wa nane", imeisha. Hospitali ya Panzi, ya Docteur Mukwege, ni ya 8e. Ila shemeji yangu wa Dar, nilipomwambia niko wa nane, akauliza hao ndugu saba wako wapi.

Shemasi Mstaafu: Mnacheka, lakini kuna tofauti isiyoonekana kwenye kibao. Binamu yangu alihamia kanisa lenye "Pentekoste" kwenye jina kama lile alilotoka. Siku ya kupokelewa akaambiwa ubatizo wake hauhesabiki, kwa sababu alibatizwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wao ni kwa jina la Yesu pekee. Ugomvi huo ni wa zamani: uliigawa Assemblies of God ya Marekani mwaka 1916, miaka miwili tu baada ya kuundwa. Kwa hiyo mimi jina siulizi. Nauliza wanabatizaje, na barua ya kuhama anasaini nani.

Mnyamwezi wa Mjini: Sasa binamu alikubali kuzamishwa tena?

Shemasi Mstaafu: Alikubali, tena mwezi wa saba, Mbeya, mtoni. Nilimpelekea blanketi.